Malalamiko kuhusu dauniriga mbili mlizoongeza kwenye boti yangu

Mmiliki wa boti,
Shimoni, Kaunti ya Kwale.

Kwa Meneja wa Ufundi,
Karakana ya Boti,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: KAZI MBOVU YA KUONGEZA DAUNIRIGA, NA JIBU LENU LA BARUA PEPE

Jibu lenu nimelipata. Mnasema dauniriga (mashine ya kushusha mshipi hadi kina kwa waya wenye chubwi, yaani uzito) ya ubavu wa kulia iling'oka kwa sababu chubwi lilinasa mwambani na nahodha wangu hakupunguza mwendo kwa wakati, kwa hiyo dhamana haihusiki, na kwamba dhamana haifuniki boti ya biashara. Sikubali, na aliyeandika hayo naona hakuiona boti.

Nikumbushe niliagiza nini. Boti ilikuja kwenu na dauniriga mbili za umeme, moja kila pembe ya tezi, nazo hazijawahi kunisumbua. Nilitaka ziwe nne. Wageni wengi wanaofika Shimoni wanafuata sulisuli na jodari wa bahari ya nje, lakini upepo ukiichafua bahari tunarudi kurambaza, yaani kuvua huku boti ikiburuta mishipi, kando ya mwamba, na huko kolekole na nguru wakubwa wako chini. Kibua hai akishushwa mita 25 huliwa. Akiburutwa juu hana anayemtazama. Nilikusudia mishipi miwili iende kina kimoja na miwili kina kingine. Hati ya bei mliyoiandika ninyi wenyewe inataja mikono mirefu kwa zile mbili mpya za ubavuni, bamba la alumini chini ya kila kitako, bolti za kupenya ukingo mzima zenye nati na washa, na njia ya umeme ya peke yake kutoka kwenye betri, yenye fyuzi yake. Hayo ndiyo niliyolipia, tena yote, kabla boti haijatoka karakanani.

Sasa hilo la chubwi kunasa. Ni kweli, la pauni 10 lilinasa. Machubwi hunasa, na anayevua kando ya mwamba anajua. Ndiyo maana dauniriga ina breki: chubwi likishika, breki inateleza, waya unatoka taratibu, nahodha anapata nafasi ya kurudisha boti kinyumenyume. Ikishindikana waya unakatwa, unapoteza chubwi na mita kadhaa za waya, kazi inaendelea. Kwenye boti yangu breki ilikuwa haijaanza hata kuteleza, kitako kikang'oka pamoja na kipande cha ukingo. Mashine ilipita karibu na goti la baharia wangu ikatumbukia majini, ikabaki inaning'inia kwa nyaya zake za umeme. Mwendo wetu wakati huo ulikuwa wa kurambaza tu, ambao mtu angeweza kuufuata kwa miguu ufuoni.

Yaliyobaki pale ukingoni ni matundu manne. Bamba hakuna, wala nati hata moja. Mlitumia skrubu za kufungia mbao, fupi kuliko kidole changu cha mwisho, zikashika faiba na tabaka la plaiwudi basi. Nilipoichokoa ile plaiwudi kwa ncha ya kisu ilitoka nyeusi, imelainika, inavuja maji kama sponji. Gundi ya kuzuia maji mliipaka kwa nje kuzunguka kitako, imenyooka vizuri kwa urembo; ndani ya matundu haimo. Tukafungua na ile ya kushoto, tukakuta kazi ni hiyohiyo. Skrubu zote ninazo na picha zimeambatishwa.

Lililonishtua zaidi lilijitokeza pale fundi wa umeme wa hapa kwetu alipofuata nyaya. Dauniriga zote mbili mpya mliziunga kwenye waya wa pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini ya boti. Waya ule ni mwembamba, ulivutwa kwa ajili ya pampu ndogo. Mota ya dauniriga ikipandisha chubwi kutoka chini inakula umeme mara nyingi zaidi ya pampu ile, na mafundi wenu walilijua hilo, kwa sababu waliitoa fyuzi ya pampu wakaweka ya ampea 30 huku waya wakiuacha uleule. Ganda lake limelainika kwa joto na mahali pamoja limeshikana na waya wa jirani. Kumbe ndiyo sababu mashine zilikuwa zikipandisha kwa kusuasua. Na tukiinua machubwi yote mawili kwa pamoja fyuzi inakatika, ikikatika inaondoka na pampu, na nahodha huku juu hana habari. Zaidi ya mara moja tumekuta maji yamefika kwenye mbao za sakafu na pampu iko kimya. Hayo katika Mlango-bahari wa Pemba, wageni wakiwa ndani! Zile skrubu naweza kuziita uvivu. Hili la pampu sina jina lake ninaloweza kuliandika kwenye barua.

Mikono nayo ni mifupi, sawa na ile ya tezi, na vitako mmeviweka hatua moja tu kutoka kwa zile za zamani. Mkondo ukipiga ubavuni nyaya za machubwi zinapishana. Kuhusu dai lenu kwamba dhamana haifuniki boti ya biashara, risiti yenu imeandikwa jina la biashara yangu, kwa hiyo mlijua ni boti ya biashara.

Nataka mnirudishie gharama yote ya ufungaji, KSh 68,000, mnipe dauniriga mpya badala ya ile iliyoingia maji ya chumvi, na mlipie ukarabati wa ukingo pande zote mbili pamoja na nyaya mpya. Kazi hiyo itafanywa na fundi nitakayemchagua mimi. Safari nilizozifuta katikati ya msimu wa kaskazi nitazidai kando, kwa hesabu yenye risiti za marejesho niliyowapa wageni. Nawapa siku 14 tangu tarehe ya kupokea barua hii. Zikipita kimya, nitalipeleka dai langu Mahakama ya Madai Madogo, nikitegemea pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Jumla haikaribii kiwango cha mwisho cha mahakama hiyo, shilingi milioni moja, kwa hiyo sihitaji hata wakili.

Boti sitaileta Mombasa. Iko nchi kavu hapa Shimoni na sijagusa kitu tangu picha zilipopigwa, isipokuwa pampu, ambayo imerudishiwa waya na fyuzi yake. Mkitaka kuikagua, tumeni mtu ambaye hakuhusika na kazi ile, anipigie simu siku moja kabla, na aje na tochi, kwa sababu chini ya ukingo hakuonekani bila taa.

Wako,
Mmiliki wa boti