Nataka Ripoti Yangu ya Mikopo, Sitaki Usajili wa Kila Mwezi

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Taarifa za Mikopo.

YAH: KUNYIMWA NAKALA YA BURE YA RIPOTI YA MIKOPO NA KUKATWA ADA NISIYOIRIDHIA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kudai vitu viwili ambavyo kituo chenu cha simu kimeshindwa kunipa. Cha kwanza ni nakala kamili ya ripoti yangu ya mikopo bila malipo, kama ukurasa wenu wa haki za mteja unavyoahidi kwamba kila mtu anaipata mara moja kwa mwaka. Cha pili ni fedha mlizokata kwenye kadi yangu kwa huduma ambayo sikuiomba. Mtanisamehe kwa urefu wa barua. Kila nilipopiga simu nilipokewa na mhudumu mpya nikaanza kueleza upya, kwa hiyo sasa nataka maelezo yote yakae mahali pamoja, yakiwa na sahihi yangu chini yake.

Chanzo ni ombi la mkopo lililokataliwa. Mkopeshaji aliniandikia kwamba uamuzi wake ulitokana, pamoja na mambo mengine, na taarifa alizozipata kwenu, na kwamba nina haki ya kuziomba nizione. Hakusema ni taarifa zipi, na sina ugomvi naye kwa hilo, maana faili ni lenu. Lakini aliyenyimwa mkopo kwa maandishi asiyoyajua hana la kurekebisha mpaka ayasome.

Nikafungua tovuti yenu. Kinachoonekana kwanza ni kitufe cha kijani kilichotanda karibu nusu ya skrini ya simu: PATA RIPOTI YAKO BURE SASA. Nikabofya, nikajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na anwani. Ukurasa uliofuata ukataka namba ya kadi ya benki, na juu yake mmeandika: "Kwa uthibitisho tu. Hutatozwa chochote leo." Je, kesho? Jibu lake liko chini ya kitufe cha kuendelea, kwa herufi za kijivu zilizofifia, ndogo kiasi kwamba inabidi uvute skrini kwa vidole viwili ndipo zisomeke. Zinasema kwamba baada ya siku saba za majaribio ada ya kila mwezi itaanza kukatwa mpaka mteja ajiondoe mwenyewe. Picha ya skrini nimeiambatisha, msije mkasema nimeongeza chumvi.

Baya zaidi, nilichopewa baada ya hapo hakikuwa ripoti. Kilikuwa alama ya mikopo: tarakimu chache ndani ya nusu duara lenye rangi nyekundu, njano na kijani, mshale umesimama kwenye njano, na chini yake matangazo ya kadi za mkopo "zinazokufaa". Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba alama ni hesabu inayopigwa kutokana na yaliyomo kwenye ripoti, na kila mpiga hesabu ana fomula yake. Ripoti ndiyo yenye majina ya wakopeshaji, tarehe ya kufunguliwa kwa kila akaunti, salio, miezi niliyolipa kwa wakati na niliyochelewa, na orodha ya waliolichungulia faili langu. Siwezi kupinga mshale. Ninachoweza kupinga ni mstari: mkopo huu si wangu, huu nilishaumaliza, huu umeandikwa mara mbili.

Nilipotaka kujiondoa kwenye usajili huo niligundua kwamba kitufe cha kujiondoa hakipo. Kujiunga ni saa yoyote, hata usiku wa manane. Kujiondoa ni kwa simu, siku za kazi, saa za ofisi. Nilijiondoa kwa simu ndani ya siku zile saba nikapewa namba ya kumbukumbu. Ada ikakatwa hivyo hivyo, na mwezi uliofuata ikakatwa tena. Taarifa ya benki inayoonyesha makato yote mawili nimeiambatisha, pamoja na namba hiyo.

Njia ya bure ya kweli ipo. Niliikuta chini kabisa ya ukurasa, katikati ya "Sera ya Vidakuzi" na "Nafasi za Kazi", kwa jina ambalo halitaji ripoti wala mkopo: "Maombi ya Mhusika wa Taarifa". Ukiifungua haikupeleki kwenye fomu ya mtandaoni kama kile kitufe cha kijani. Inapakua fomu ya kuchapa, kujaza kwa kalamu, kutia sahihi, kuambatisha nakala ya kitambulisho iliyogongwa muhuri wa wakili, kisha kutuma kwa posta. Kwa hiyo anayelipa anatambulika kwa dakika chache akiwa kitandani kwake. Asiyelipa, ambaye ni mtu yuleyule mwenye kitambulisho kilekile, atafute printa, wakili na stempu.

Nilivitafuta, nikatuma. Baada ya wiki kadhaa nikajibiwa kwa barua pepe kwamba utambulisho wangu haujajitosheleza, nipige simu nijibu maswali ya usalama. Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo penye kiini cha malalamiko yangu.

Mhudumu alinisomea majina ya wakopeshaji, akauliza ni yupi kati yao aliwahi kunikopesha. Sikumjua hata mmoja, nikasema hivyo. Akanisomea anwani, akauliza niliishi wapi kati ya hizo. Sikuwahi kuishi kokote kati ya alikotaja. Akauliza rejesho langu la mwezi kwa mkopo fulani lilikuwa kati ya kiasi gani na gani. Mkopo huo siujui. Kukawa kimya kidogo, nikasikia anabofya, kisha: "Samahani, mfumo umekataa." Nilipouliza ni jibu lipi lililokosewa, nikaambiwa haliwezi kutajwa kwa sababu za usalama.

Maswali hayo yanatungwa kutokana na faili lenyewe. Ikiwa humo mmechanganya mikopo ya mtu mwingine mwenye jina linalofanana na langu, basi jibu langu la kweli linahesabiwa kosa, na la uongo ndilo ambalo lingenifungulia mlango. Mwenye faili safi anapita. Mwenye faili lenye dosari, ambaye ndiye hasa anayehitaji kuliona, anaachwa nje kwa sababu ya dosari ileile anayotaka kuiondoa. Na kama kuna tapeli aliyekopa kwa jina langu, yeye angeyajibu maswali yenu yote bila kukwama, maana mikopo hiyo ni yake.

Sipingi ulinzi. Ripoti ya mikopo ikiangukia mikono isiyo yake ni hatari, na ningekasirika zaidi kama mngeitoa kwa yeyote anayejua tarehe yangu ya kuzaliwa. Lakini kipo kitambulisho cha serikali, ipo picha ya uso, upo msimbo unaotumwa kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu. Najua mnavyo, kwa sababu ndivyo mlivyonitambua nilipokuwa nimeweka kadi ya benki. Siku hiyo hamkuwa na shaka kwamba mimi ni mimi.

Jambo dogo kwa haraka. Mhudumu mwingine, kijana mpole ambaye nadhani alikuwa akisoma alichoandikiwa, alinishauri nisihangaike na ripoti kwa kuwa "kila ukiiangalia alama zinashuka". Si kweli. Mkopeshaji akiangalia kwa sababu nimeomba mkopo, alama inaweza kupungua kidogo. Nikiangalia mwenyewe haipungui. Kama ushauri huo ungekuwa sahihi, ile huduma yenu ya kulipia ya kufuatilia alama kila siku ingekuwa imewamaliza wateja wenu wote. Mwandikieni upya maelezo yake.

Mkopeshaji aliyeninyima alilipata faili langu papo hapo, nikiwa bado nimekaa mbele ya meza yake. Hakuchapa fomu wala kupanga foleni posta. Taarifa zinazonihusu mimi, zilizoletwa kwenu na wakopeshaji, mnawauzia wakopeshaji kwa kasi hiyo. Mwenyewe nikizitaka ninageuka mshukiwa. Naelewa kwamba yeye ni mteja anayelipa. Lakini bila watu kama mimi hamna cha kumuuzia.

Na msinichukulie kama mtu anayeomba hisani. Marekani, ambako biashara hii ina mizizi mirefu, sheria ilirekebishwa mwaka 2003 ili kila mtu apate nakala ya bure mara moja kila miezi 12 kutoka kila moja ya kampuni tatu kubwa, na tangu 2023 kampuni hizo zimekubali kuitoa bure kila wiki bila ukomo wa muda. Aliyenyimwa mkopo kwa sababu ya ripoti ana siku 60 za kuomba nakala nyingine bure, nje ya ile ya kawaida. India imeweka nakala moja ya bure kwa mwaka tangu 2017, na Kenya na Afrika Kusini nazo zinampa mtu haki hiyo kila mwaka. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Mei 2018 zinampa mtu nakala ya kwanza ya taarifa zake bila malipo, na kwa kawaida inatakiwa ajibiwe ndani ya mwezi mmoja. Ukurasa wenu wa haki za mteja unasema maneno ya aina hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mmeyaandika mahali pamoja na kujenga tovuti inayokwenda mahali pengine.

Hata mtego wa kadi si ugunduzi wenu. Mwaka 2005 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimaliza shauri dhidi ya kampuni iliyotangaza ripoti za bure kisha ikawaingiza watu kwenye uanachama wa dola 79.95 kwa mwaka bila kuwaeleza vya kutosha. Kampuni hiyo ilikubali kuwarudishia wateja fedha na kutoa dola 950,000. Tume hiyohiyo ilichapisha mwaka 2013 utafiti uliokuta kwamba mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa ambalo kampuni ililisahihisha baada ya yeye kulipinga, kwenye angalau ripoti moja kati ya tatu zake. Wote hao waliliona kosa kwa sababu walipewa ripoti wakaisoma. Kwa utaratibu wenu wa maswali, baadhi yao wangekuwa bado wako kwenye simu.

Sasa ninachotaka. Ripoti iwe kamili, kama anavyoiona mkopeshaji: kila akaunti na jina la aliyeileta, historia ya malipo mwezi kwa mwezi, anwani zote mlizonazo kwa jina langu, na kila aliyeliangalia faili pamoja na tarehe yake. Vifupisho vifafanuliwe, sitaki ukurasa wa herufi moja moja ambazo ni ninyi pekee mnaozijua. Utambulisho wangu mnaweza kuuhakiki kwa kitambulisho nilichoambatisha na kwa msimbo wa simu, na niko tayari kuja ofisini mkitaka kuniona uso kwa uso. Maswali ya faili sitayajibu tena, kwa sababu niliyoieleza.

Ada zote mbili zirudishwe kwenye kadi ileile zilikotoka. Msinipe "salio la huduma" wala miezi ya bure ya kufuatilia alama. Usajili ufungwe na namba ya kadi yangu ifutwe kwenye mfumo wenu, kisha mnithibitishie yote mawili kwa maandishi.

Wakati mnaandaa ripoti, ile mikopo na anwani alizonisomea mhudumu wenu zichunguzeni kwa wakopeshaji walioziwasilisha. Hesabuni barua hii kuwa pingamizi langu rasmi. Mpaka mmalize uchunguzi, wekeni maelezo kwenye faili kwamba mwenyewe anazipinga, ili mkopeshaji mwingine atakayelivuta faili leo au kesho ayaone kabla hajaamua. Mazungumzo ya simu hiyo mmeyarekodi, mashine yenu inatutangazia hivyo kila tunapopiga, kwa hiyo majina aliyoyataja mnayo. Rekodi hiyo isifutwe.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Yatoke kwa mtu mwenye jina na cheo. Barua pepe isiyojibika, ile inayoanza na "Mpendwa mteja, tunathamini maoni yako", sitaihesabu kuwa jibu. Siku hizo zikipita, malalamiko haya pamoja na viambatisho vyote nitayafungua kwa mamlaka inayowapa leseni na kwa wasimamizi wa ulinzi wa taarifa binafsi, na benki yangu nitaiomba iyapinge makato yale mawili.

Wenu,

(Sahihi)
Mwombaji, jina kamili na namba ya kitambulisho zimo kwenye fomu iliyoambatishwa

Viambatisho: fomu ya maombi na nakala ya kitambulisho, picha za skrini, taarifa ya benki, namba ya kumbukumbu ya kujiondoa, barua ya mkopeshaji.

Nakala: Mkopeshaji aliyekataa ombi, kwa taarifa.