Jukwaa limeinama kona moja? Anza na vizibo

Simu nyingi zinazoingia karakana kwetu Mikindani, tunakotengeneza majukwaa ya mapipa yanayoelea baharini na kubeba vizimba vya samaki, huanza hivi: "Fundi, jukwaa la vizimba limelala upande, mawimbi yamelimaliza." Tukifika na mtumbwi, mara nyingi mawimbi hayana kosa. Mteja mmoja alikuwa ameshanunua kamba mpya na nanga ya pili. Tulifungua kizibo cha pipa la kona, tukaliinua upande, maji yakamwagika zaidi ya ndoo mbili.

Yaliingiaje, na pipa halina tundu? Mapipa ya pembeni hayafunikwi vizuri na mbao, kwa hiyo jua linayachoma mchana kutwa. Hewa ya ndani inatanuka na kupenya nje kwenye nyuzi za kizibo, ile mizunguko ya kukazia. Jioni pipa likipoa, linavuta. Kizibo kikiwa chini ya maji, linachovuta ni maji ya chumvi. Kwa siku ni kikombe tu. Baada ya miezi kadhaa zikifika lita 50, kona hiyo ni kama umeibebesha mfuko wa saruji usioonekana.

Sisi tunazungusha tepu ya mafundi bomba kwenye nyuzi, tunapaka silikoni, kisha tunalaza pipa vizibo vyote viwili vikae usawa mmoja, katikati ya kimo chake. Na hapo ndipo hesabu ya mzigo inapoingia. Pipa la lita 200 linaweza kubeba karibu kilo 200 kabla halijazama, lakini sisi tunalihesabia 80 tu, mbao na fremu zikiwemo, ili vizibo vibaki juu ya maji. Wateja hulalamika kwamba tunatumia mapipa mengi. Ni kweli. Ila njoo siku ya kuvua mwatiko uone watu wanane wamejazana upande ulipofungwa mtumbwi, kila mmoja anataka kuona samaki!

Kosa la pili ni kamba za nanga. Huku kwetu wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Mtu anapima kina maji yakiwa yamekupwa, anakata kamba, anaridhika. Bahari ikijaa, kamba inakaza, inavuta kona chini au inang'oa nanga. Pima maji yakiwa yamejaa, bamvua ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, halafu kamba iwe angalau mara tatu ya kina hicho. Kama nanga yako ni tofali la zege, kumbuka likiwa baharini linapungua uzito: la kilo 100 halifikishi hata 60. Kina cha kupwa nacho kipime, maana wavu ukigusa matope samaki wataumia.

Bolti za chuma cha pua usizichanganye na washa za mabati. Washa hizo zinaliwa upesi na kutu, tulijifunza kwa hasara yetu wenyewe. Na tafadhali usituletee nguzo za mikoko, kuikata bila kibali ni kosa.

Kwa wateja wa ghuba ya Lindi kuna jambo la ziada. Mvua zikikolea, mto Lukuledi unashusha matope na magogo. Tunashauri kamba ya kukinga magogo upande wa mtoni, na jukwaa likaguliwe kabla ya Desemba, si baada ya gogo kupita.

Ukaguzi tunaufanya siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, kabla ya kusi kuanza kuvuma kwa nguvu na tena likishatulia. Tunafungua kila kizibo, tunakwangua chaza na mwani chini ya mapipa, tunageuza kamba pale zinaposuguana na fremu. Jukwaa la mapipa 12 linatuchukua asubuhi moja, samaki wakiwa humo humo.

Ukitupigia, tuambie vipimo viwili vya kina, kujaa na kupwa, idadi ya mapipa, na kona ipi imeinama. Picha iliyopigwa kutoka ubavuni, usawa wa maji, inatusaidia kuliko ya kutoka juu.