Shimpanze wa Lwiro si akiba ya labo

Bwana Mhariri,

Wiki jana mlitoa barua ya baba mmoja wa huku Bukavu, alisema wale shimpanze wanaotunzwa kwenye kituo cha Lwiro wanakula ndizi na papai kila siku wakati watoto wa watu wanalala njaa, basi afadhali wapewe maprofesa wapime dawa juu yao, angalau wafaidishe watu. Niliisoma mara mbili nikamsomea na mke wangu, na tangu siku ile sijatulia. Mimi ni mwalimu wa biolojia, nafundisha sekondari, naomba nafasi kidogo nimjibu huyu baba kwa heshima, maana mambo ya njaa aliyosema ni ya kweli na simlaumu kwa kuyasema.

Kwanza nimpe haki yake. Ile chanjo ya Ebola ya 2018 mpaka 2020, ambayo watu zaidi ya 300,000 walichomwa kuanzia Beni na Butembo mpaka Goma, ilijaribiwa kwanza kwa makaki, kima wa Asia, ndani ya malabo (maabara) ya mbali. Hata ile dawa iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit 1995, kazi ambayo Profesa Muyembe wetu, mtaalamu wa virusi, alishiriki, nayo ilipita kwa makaki kabla ya kufika kwenye kitanda cha mgonjwa. Shemeji yangu alichomwa chanjo ile. Kwa hiyo mimi siwezi kusimama mbele ya wanafunzi nikasema hakuna mnyama aliyewahi kutusaidia, nitakuwa nadanganya. Na hao makaki nao wana hesabu yao, wale wenye mkia mrefu wametangazwa 2022 kuwa wako hatarini kutoweka, na biashara ya kuwauzia malabo ni moja ya sababu.

Lakini baba, shimpanze ni jambo jingine. Ulaya waliandika sheria 2010 kwamba masokwe, yaani shimpanze, gorila na wenzao, hawaguswi kwa majaribio ila kwa sababu ya kipekee kabisa. Marekani, ambao ndio walikuwa nao wengi kwenye malabo, kamati ya wanasayansi wao wenyewe ilikaa 2011 ikaona majaribio mengi juu ya shimpanze hayana ulazima, na 2015 serikali yao ikatangaza kwamba hata wale wachache waliobakizwa kama akiba wastaafishwe. Sasa wenye malabo makubwa wameacha halafu sisi ndio tuanze, kweli?

Tena si kwamba huku hatujawahi kupitia. Karibu na Kisangani, zamani zile inaitwa Stanleyville, kulikuwa na kambi kwenye mto Lindi, miaka ya 1950, shimpanze kwa mamia walikamatwa porini wakapelekwa pale kupimiwa chanjo ya polio ya daktari Koprowski. Halafu 1958 chanjo ile ikaletwa hapa hapa kwetu, bonde la Ruzizi, watu zaidi ya 200,000 wakapuliziwa mdomoni. Nyanya yangu alikuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni, alikuwa akituambia waliitwa tu, wakapanga mstari, wakafungua mdomo, hakuna aliyewaeleza ni dawa gani wala imetoka wapi. Nikifikiria Lindi namfikiria na yeye, maana watu wale wale walioona shimpanze ni kitu cha kutumia hawakuona haja ya kumuuliza mama wa Ruzizi kama anakubali.

(Na wale wanaosema ukimwi ulitoka kwenye chanjo ile, hapana, tuache. Virusi vilivyosambaa dunia nzima vilitoka kwa shimpanze wa kusini-mashariki mwa Kameruni, miaka mingi kabla ya 1958. Na watafiti walilijua hilo kwa kuokota mavi ya shimpanze porini na kuyapima, bila kumfunga hata mmoja. Utafiti wa namna hiyo mimi naupenda.)

Sasa tuje Lwiro. Kile kituo kilianza 2002, kiko pale kwenye makao ya zamani ya watafiti wa wakati wa Wabelgiji, njia ya Kavumu na Katana, na shimpanze walioko wamepita 100. Hakuna aliyefugwa ili auzwe, wamenyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara. Shimpanze mdogo ananyonya mpaka miaka minne mitano na mama yake hamwachii, kumpata lazima umuue mama, na mara nyingi na wengine waliokuja kumtetea. Nilishaona mmoja sokoni nikiwa kijana, amefungwa kamba ya mbuzi kiunoni, amekumbatia mguu wa yule mtu aliyekuwa anamuuza. Anakumbatia mguu! Picha hiyo haijanitoka. Unachukua kiumbe kama huyo, uliyemtoa kwa mwuaji wa mama yake, umpeleke labo?

Na siku labo itakapofungua mlango, hata kwa kumi tu, habari itafika hifadhi ya Kahuzi-Biega, wanakoishi shimpanze na gorila, kabla ya jua kuzama, watu wenye bunduki na nyaya za mitego watajua kuna soko. Gorila wa Grauer hawapatikani popote duniani isipokuwa huku mashariki mwa Kongo, tangu 2016 wamewekwa kundi la walio hatarini kabisa. Sisi ndio tutakaoulizwa.

Hata watafiti wanaoingia msituni kwa kuangalia tu wawekewe masharti makali. Kule msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, shimpanze walikufa kwa mafua waliyoambukizwa na watu, na ilithibitishwa. Kwa hiyo kashne (barakoa) usoni, usimame mbali, ukikohoa ubaki nyumbani hata kama umetoka Ulaya na tiketi ulishalipa. Na wanafunzi wetu wa Bukavu wawe ndani ya kazi hizo kama watafiti, wasiwe wabeba mizigo tu.

Juu ya ndizi, baba, zinalimwa na mama zetu wa Kabare na zinanunuliwa kwa pesa. Jumamosi ijayo napeleka wanafunzi wangu Lwiro, tunapanda gari asubuhi njia ya Kavumu, nafasi moja nimekuwekea. Mhariri ana namba yangu.

Mwalimu wa biolojia,
Kadutu, Bukavu