Bwawa lilinitunzia pumzi, vigimbi likavisahau

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu wanariadha wanaohamishia mazoezi yao bwawani nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliifurahia, maana mimi mwenyewe ni mtu wa bwawa. Mara ya pili nikakwama pale mwandishi anapodai kuwa maji yanaweza kuchukua nafasi yote ya nchi kavu, tena bila maumivu. Dai hilo niliwahi kuliamini, na likanigharimu msimu mzima.

Nilikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati. Nikapata ufa kwenye mfupa wa ugoko, ule unaoanza kama kijiumivu cha jioni na kuishia kukuamsha usiku. Daktari alinikataza kukimbia kwa wiki sita. Kocha wangu wa wakati huo akanifunga mkanda wa kuelea kiunoni na kuniingiza sehemu yenye kina, miguu isipogusa chini, akaniambia kimbia.

Ukimtazama mtu anayefanya zoezi hilo utacheka. Mikono inapiga, magoti yanapanda, uso umekunjamana, na dakika nzima ikipita hajasogea hata mita tano. Lakini aliye ndani hacheki. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na ukizidisha kasi mara mbili, ukinzani wake unapanda mara nne. Ukiacha kusukuma, nayo yanaacha papo hapo. Ndiyo maana yanamfaa majeruhi: hakuna uzito wa kumwangukia, na mguu ukiuma anapunguza nguvu palepale.

Halafu kuna suala la kubebwa. Ukisimama majini hadi kiunoni, miguu inabeba karibu nusu ya uzito wako. Hadi kifuani, kama theluthi moja. Hadi shingoni, sehemu moja ya kumi hivi, yaani mtu wa kilo 70 anasimama kana kwamba ana kilo saba. Tena maji yanabana. Kwenye kina cha mita moja, mgandamizo wake unazidi milimita 70 za zebaki (kipimo kilekile cha presha ya damu), kwa hiyo enka iliyovimba inabanwa pande zote kama imevishwa soksi ya hospitali. Nimeona watu wakiingia na enka isiyoonyesha mfupa na kutoka mfupa ukichungulia.

Katika hayo yote mwandishi wenu yuko sahihi. Hata kuhusu pumzi yuko sahihi: tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kuwa wakimbiaji waliozoezwa wanaweza kukimbia kwenye kina kirefu tu kwa wiki nne hadi sita, na uwezo wao wa kutumia oksijeni usishuke. (Ila saa ya mkononi isiwadanganye. Majini mapigo ya moyo huwa chini kwa mapigo kama 10 hadi 15 kwa dakika mtu anapojituma kikamilifu, na kocha asiyejua hilo atadhani mwanafunzi wake anategea.)

Basi wiki sita zikaisha. Picha ya mfupa ilikuwa safi, kifua kilikuwa kinadai mbio, nami nikakimbia kilomita nane kwa kasi yangu ya zamani. Siku ya kwanza, raha. Siku ya nne, katikati ya mzunguko, nikasikia kama mtu amenirushia jiwe nyuma ya mguu. Nikageuka kumtafuta. Hakukuwa na mtu. Kigimbi kilikuwa kimechanika. Pumzi ilikuwa ya mwanariadha, vigimbi vilikuwa vya mtu aliyetoka kitandani.

Sababu yake haina uchawi. Kwenye kina kirefu hakuna kutua. Mguu hauigongi ardhi, kigimbi hakifanyi kazi ya kufunga breki, na kano ya Achilles, ile inayounganisha kigimbi na kisigino, ambayo kwenye mbio hunyooka na kurudi kama springi, inabaki imelala. Misuli majini inasukuma tu. Ile kazi ya kurefuka huku ikizuia uzito, ambayo ndiyo inayochana nyama zisizoandaliwa, karibu haipo kabisa.

Mifupa nayo ni hivyo hivyo. Waogeleaji wa mashindano hukaa majini saa nyingi kila wiki, lakini wakipimwa, mifupa yao mara nyingi haizidi ugumu wa ile ya watu wasiofanya mazoezi. Wacheza sarakasi na warukaji wanawaacha mbali, kwa sababu mfupa unajengwa kwa kugongwa.

Na kano ndiyo kesi iliyo wazi kuliko zote. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson na wenzake huko Sweden walichapisha tiba ya maumivu sugu ya kano ya Achilles: mgonjwa anasimama kwenye ukingo wa ngazi na kushusha kisigino taratibu, mara 180 kwa siku, kwa wiki 12, na anapozoea anabeba begi lenye uzito. Mpeleke huyo bwawani na umemnyang'anya dawa yenyewe, maana maji yanaondoa uzito uleule unaotibu.

Kuna utafiti mdogo wa mwaka 1994, wa wagonjwa 20 waliotengenezewa upya kano ya ndani ya goti. Waliofanyia mazoezi majini hawakuvimba sana kama wenzao na walijisikia vizuri zaidi. Waliobaki nchi kavu walipata nguvu zaidi kwenye misuli ya nyuma ya paja. Ningependa makala yenu ingesema hivyo: kila upande ulitoa kitu ambacho mwingine haukutoa.

Wala haikugusia nani asiingie. Mwenye kidonda kilicho wazi au mshono usiofunga, mwenye homa, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye moyo ulioshindwa kazi, hao wasubiri na wamwone daktari. Joto la maji nalo lina maana. Bwawa la tiba huwa nyuzi 33 hadi 35, na ukimfanyisha mtu mazoezi makali humo atazidiwa. La mashindano ni nyuzi 25 hadi 28, na mwenye baridi yabisi ya magoti atakakamaa humo.

Siku hizi nafundisha vijana. Anayeumia namweka bwawani mapema, lakini tangu wiki ya kwanza, daktari akiruhusu, anafanya na zoezi moja la nchi kavu, hata kama ni kusimama tu kwa mguu unaouma. Baadaye kina kinashuka: shingo, kifua, kiuno. Kamba ya kuruka inakuja kabla ya mbio.

Kuna msichana mmoja ambaye sasa hivi ana hasira na mimi. Bwawani anamaliza kila kitu nilichoandika na kuomba nyongeza, nami simruhusu kukimbia uwanjani mpaka anyanyue kisigino mara 25 kwa mguu mmoja, bila kuegemea ukuta. Juzi alifika 19, akaketi chini, akaniuliza kama hizo sita zilizobaki hawezi kuzimalizia majini.

Wenu,
Kocha wa riadha na msomaji wenu wa siku nyingi