Shukrani kwa fundi baiskeli wa Soni

Fundi wangu wa pale Soni, shikamoo. Niliondoka bila kukuuliza jina, na hilo bado linaniuma.

Mimi ndiye niliyekuja nikikokota baiskeli ya milimani kutoka upande wa Lushoto. Nilikuwa nimegonga jiwe, na tangu hapo mguu wa kushoto ukawa unayumba kila pedali ikizunguka. Nilishaambiwa krenki, ule mkono wa chuma unaoshika pedali, imekwisha, ninunue mpya. Wewe ulichukua spana namba 15, ukafungua pedali kwa kufuata mshale wa saa, maana hesi (mikunjo ya skrubu) ya kushoto ni ya kinyume (wengi hulazimisha hapo wakaiharibu). Ukaishika pedali, ukaizungusha ekseli, kile chuma cha katikati ya pedali, kwa vidole. Ncha yake haikutulia, ikawa inachora duara.

“Krenki ni nzima, mwanangu. Kilichopinda ni hiki.”

Nikakuomba uigonge nyundo inyooke. Ukakataa kabisa: chuma kigumu kikishapinda, ukikinyoosha kitakuja kukatika uko mteremkoni. Ukanifungia pedali nyingine, grisi kwanza, ukapokea hela ya pedali tu.

Nilishuka hadi Mombo mguu umetulia. Ahsante sana, baba. Mungu akuzidishie.