Wakunga walewale, kutoka kliniki hadi leba

Ndugu Mhariri,

Nchi yetu, Tanzania, imepiga hatua ambayo sisi tuliofanya kazi wodi za wazazi zamani hatukuitegemea. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Vyumba vya upasuaji vimefika hadi vituo vya afya, na usafiri wa dharura wa m-mama unaitwa kwa namba 115. Naomba nafasi niseme jambo lisilohitaji jengo: ratiba ya zamu.

Katika hospitali nyingi kubwa, kliniki ya wajawazito ina watu wake na leba ina wake. Mama anapimwa na huyu leo, na yule mwezi ujao, halafu uchungu ukimshika anapokelewa na mtu asiyewahi kumwona. Tunajitetea kwamba kadi ipo. Kadi nimeijaza miaka mingi na naiheshimu. Lakini saa nane usiku, kina mama wamejaa hadi kwenye mabenchi, mkunga anapima presha, anakuta 130/80, anaona si mbaya. Aliyempima mama huyu tangu mwanzo angekumbuka kwamba presha yake ni 100/60 siku zote, na angemuuliza kama kichwa kinamuuma au macho yanaona ukungu. Kifafa cha mimba hakimngoji mtu apekue kurasa za nyuma.

Yapo pia yasiyoandikwa. Aliyewahi kuzaa mtoto mfu, anayepigwa nyumbani, aliyekwisha kunyweshwa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu: hawa hawasemi siku ya kwanza, tena mbele ya foleni. Humwambia waliyemzoea, mara nyingi wakiwa wameshashika kitasa cha mlango kuondoka.

Napendekeza kila hospitali ya rufaa ya mkoa ianze na kikundi kimoja cha wakunga wanne au watano. Wapewe kina mama wao, wawahudumie kliniki, wapokezane zamu za leba, na wawaone tena ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. (Zahanati za vijijini hazina shida hii. Muuguzi ni huyohuyo mmoja. Shida yake ni kukosa wa kumpokea.)

Mapitio ya mwaka 2024 ya Cochrane (mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya), yaliyokusanya tafiti 17 zenye wanawake zaidi ya 18,000, yanaonyesha kuwa wanaohudumiwa na wakunga walewale hupungukiwa na uwezekano wa kufanyiwa upasuaji na huridhika zaidi na huduma. Tafiti hizo zimetoka hasa katika nchi zenye uwezo, kwa hiyo tupime wenyewe. Na hata huko kumekuwa na mikwamo: England iliweka tarehe ya kuwafikia wajawazito wengi kwa mtindo huu, lakini Septemba 2022 ikaifuta kwa sababu wakunga hawakutosha.

Ndiyo maana sitaki waraka wa nchi nzima. Nataka kikundi kimoja tu kwa kila hospitali, posho ya kuitwa usiku na usafiri vikiwa kwenye bajeti, na mkunga aliyemo asihamishwe kabla kina mama wake hawajamaliza siku 42. Ratiba ya mwezi huandikwa hospitalini humohumo; haihitaji kusubiri wizara.

Mkunga mstaafu,
Morogoro