Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria kuhusu matunzo ya mtalaka

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Morogoro. Kazi yangu kubwa ni kuwaandikia kina mama maombi ya talaka, ya kutengana na ya matunzo. Haya ya mwisho ndiyo yanayotutesa.

Kifungu cha 115 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru mume amtunze mke wakati shauri linaendelea, wakitenganishwa, na hata baada ya talaka. Mke naye anaweza kuamriwa amtunze mume asiyejiweza kwa ugonjwa au ulemavu (wanaume hulicheka hili mpaka walisome). Kiwango kinapangwa kwa kuangalia zaidi kipato na mahitaji ya wahusika.

Hicho kipato nani anakijua? Mama mmoja niliyemsaidia aliulizwa mahakamani mumewe anaingiza shilingi ngapi. Miaka yote alikuwa akiachiwa hela ya matumizi mezani asubuhi, basi. Mume akasema yeye ni kibarua tu. Akaamriwa elfu hamsini kwa mwezi, na huku ana nyumba ya vyumba sita ya kupangisha, kodi anachukua ya miezi sita sita. Alilipa mara mbili, akanyamaza. Sasa ni mama ndiye wa kurudi kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe mume alipe, kwa nauli yake, na siku hiyo vitumbua vyake vya kuuza havikaangwi.

Akilalamika anaambiwa, "Si ulishapewa mgao?" Mgao wa mali ya ndoa ni kifungu cha 114, ni jasho lake. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Matunzo ni dai jingine kabisa.

Mheshimiwa, siombi sheria mpya. Kifungu cha 117 kinaruhusu mali ya anayedaiwa iwekwe chini ya wadhamini, yaani watu wa kuisimamia, na matunzo yatoke kwenye mapato yake. Kodi ya vile vyumba sita ingemaliza kesi. Sijawahi kuona amri ya namna hiyo hata moja. Kaa na Jaji Mkuu mtoe kanuni: anayedaiwa aape, ataje mapato yake kwa maandishi, alete taarifa za benki na za pesa za simu, mwenye mwajiri akatwe hukohuko. Amri yenyewe itaje tarehe ya kulipa, namba ya kulipia, na hatua zitakazofuata asipolipa.

Mlipaji naye aelezwe haki zake palepale: mtalaka akiolewa tena matunzo yanakoma, na kipato kikishuka anaweza kuomba amri ibadilishwe. Wengi hawaambiwi, ndiyo maana wanaona nafuu ni kuzima simu.

Naomba unijibu hadharani ni lini kanuni hizo zitaanza kuandaliwa.

Wako,
Msaidizi wa kisheria, Morogoro